Mchanga Tuliousherehekea

Jirani yangu hapa Kitengela anajenga. Kila asubuhi lori linakuja, linarudi nyuma polepole hadi karibu na dirisha langu, linainua mgongo, na mchanga unamwagika. Mchanga uliotoka mtoni karibuni huwa bado una maji ndani yake, na harufu yake inafika kitandani kwangu kabla ya vumbi. Ni harufu ya baridi, kama ya mtungi mpya uliotiwa maji kwa mara ya kwanza. Watu wengi wanaipenda. Jirani yangu mwenyewe, mtu mpole asiye na neno na mtu, alisimama juzi kando ya lile rundo, akavuta pumzi, akaniambia, "Mama Kimeu, hii ndiyo harufu ya maendeleo." Nikafunga dirisha. Nilijua nikifungua mdomo nitamtukana, na yeye hajanikosea.

Nimemzika mama yangu mwezi uliopita. Nina hasira tangu siku hiyo, na nikisema ukweli nilikuwa nayo miaka mingi kabla ya hapo, ila mama akiwa hai niliificha kwa sababu hakupenda kuiona usoni mwangu. Sikusoma sana, niliishia darasa la nane, kwa hivyo msingoje maneno makubwa. Nitawaeleza tu walichofanya mama na wenzake, kisha walichofanyiwa, na mahali nilipoingia mimi.

Tulitoka Ukambani nikiwa na miaka mitano, tukimfuata baba aliyepata kazi ya ulinzi Kitengela. Mjini hatukuweza kodi. Tukapata kiploti mbali huko ndani, upande wa kuelekea Kajiado, ambako majirani walikuwa Wamaasai na ng'ombe wao, pamoja na familia chache za kwetu zilizokuja kwa njia kama yetu. Udongo ulikuwa mweusi, ule unaopasuka wakati wa jua na kukuvua kiatu wakati wa mvua. Maji hayakuwepo. Mto ulikuwepo, lakini nasema mto kwa heshima tu. Lilikuwa korongo. Mvua ikinyesha huko juu, maji yalishuka kwa kishindo yakiwa mekundu, yakibeba magogo, na siku moja yalibeba mlango mzima wa mtu ukiwa na kufuli lake. Kesho yake asubuhi yalikuwa yamekwenda zake, yameacha matope ambamo vyura walilia siku mbili kisha wakanyamaza.

Mama yangu, niliyemwita Mwaitu kama watoto wa Kikamba wanavyowaita mama zao, alilitazama korongo lile misimu miwili. Msimu wa tatu akawaita wanawake wa kwetu, akawaambia, "Haya maji yanatupita mlangoni kila mwaka na sisi tunayapungia mkono. Tumekuwa wajinga lini?"

Kwetu Ukambani jambo hili linajulikana sana hivi kwamba hakuna anayejisumbua kulieleza. Unatafuta mahali ambapo mwamba umetokeza chini ya korongo. Unajenga ukuta wa mawe juu ya mwamba huo, kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, na mabega yake unayazamisha ndani ya udongo pande zote mbili. Mafuriko yakija yanaruka juu ya ukuta, lakini mchanga ulio mzito unabaki nyuma yake. Msimu baada ya msimu unajaa. Na ndani ya ule mchanga, kati ya chembe na chembe, maji yanakaa. Jua haliyapati na ng'ombe hawayachafui. Ukiwa na kiu unafukua kwa mkono.

Majirani walidhani tumerukwa na akili. Wa kwanza kuja kutazama alikuwa Mama Nasieku, mwanamke mrefu wa Kimaasai aliyekuwa na punda wanne na kicheko cha kusikika ng'ambo. Akasimama ukingoni, akauliza tunajenga nini.

"Ukuta wa kushika mchanga," Mwaitu akamwambia.

"Mchanga?"

"Mchanga."

Mama Nasieku akageuka akapaza sauti kwa wenzake waliokuwa nyuma na mbuzi. "Kujeni muone Wakamba! Watu wako na kiu, na wao wanachunga mchanga!" Alicheka mpaka akakaa chini juu ya jiwe. Lakini akiwa amekaa pale aliona mwanamke mmoja wa kundi letu, mwenye mimba kubwa, akipanda na mtungi mgongoni, maji ya kukorogea saruji. Kesho yake Mama Nasieku alirudi na punda wake wote wanne wakiwa na mitungi. "Mimi nitaendelea kucheka," alisema, "lakini hawa punda hawajui kucheka, basi wacha wabebe maji." Hivyo ndivyo alivyoingia kwenye kikundi, na hakutoka tena.

Kazi ilifanywa kwa mwethya, yaani kila nyumba inatoa mtu, kila mtu anakuja na chombo chake, na kazi inakwenda kwa wimbo. Wanawake walipanga mstari kutoka kilimani hadi chini, mawe yakapita mkono hadi mkono. Wimbo haukuwa wa kanisani. Ulitungwa papo hapo, na ukikosa kuja bila sababu, wimbo wa siku hiyo ulikuwa wako. Kuna mama mmoja aliimbwa kwa kulala mchana mpaka mume wake akaja mwenyewe kubeba mawe ili wanyamaze. Mimi nilikuwa mdogo, nilibeba kokoto kwenye kopo la mafuta ya kupikia, na nilijiona kama ukuta ule ninaujenga peke yangu. Nakumbuka mikono ya Mwaitu jioni, ilivyochubuka kwa saruji, na jinsi alivyoipaka mafuta ya taa akikunja uso na kuniambia niangalie kando.

Hakukuwa na mhandisi. Nataka mlishike hilo. Walikuwa wanawake kumi na sita, na kipimo chao kilikuwa kamba ya katani na macho ya Mwaitu.

Mvua ya kwanza ilileta matope na mawe. Ya pili ikaleta mchanga hadi kiunoni. Mvua za msimu wa tatu zilipokwisha, mchanga ulikuwa umefika mdomoni mwa ukuta, mweupe, msafi, umelala korongoni hadi kwenye kona yenye mkuyu. Kisha jua likawaka. Visima vya watu vikakauka, ng'ombe wakaanza kutembea kama wagonjwa. Mwaitu akashuka korongoni mbele ya watu wote, akapiga magoti, akafukua mpaka mkono ukazama hadi kiwikoni. Tukangoja. Chini ya shimo pakawa peusi, halafu pakang'aa. Mama Nasieku alikuwa wa kwanza kunywa. Alikunywa, akajifuta kwa shuka, akainama akanywa tena. Kisha akamwambia Mwaitu, "Mama Mwende, hii mchanga yenu iko na mimba."

Baada ya hapo maisha yetu yalibadilika kwa mambo madogo madogo ambayo hayaandikwi popote. Nilianza kufika shuleni mapema, na miguu safi. Wanawake walipanda sukuma na nyanya kwenye kingo, wakapanda na miti ili udongo usitoroke. Ndege wa manjano wanaosuka viota walirudi kwenye mkuyu na kutupigia kelele tangu alfajiri. Mama Nasieku hakuhamisha ng'ombe wake mwaka ule. Watu wa mbali walikuja kutazama, wakaenda kujenga kuta zao, na kikundi kikawapelekea watu wa kuwaonyesha mahali pa mwamba. Sitaki mtu aseme baadaye kwamba yalikuwa mambo ya wanawake ya kupitisha wakati. Ilikuwa kazi kubwa kuliko kazi yoyote niliyoona ikifanywa katika eneo lile, na ilifanywa na watu ambao wengine walitia sahihi kwa kidole gumba.

Kazi yangu mimi ilikuwa nondo. Kila Jumamosi nilichukua kipande cha nondo kirefu kuliko mtu, nikakisimika kwenye mchanga, na Mwaitu akakigonga kwa jiwe mpaka kikalia ngo, ngo, yaani kimefika kwenye mwamba. Tukakichomoa na kutazama. Palipolowa ndipo maji yalipofika, kama fundi anavyopima oili ya gari. Tulipima karibu na ukuta, tukapima katikati, tukapima penye mkuyu. Mwaitu hakuwa mwepesi wa kuandika, kwa hivyo mimi niliandika kwenye daftari. Nilikuwa darasa la tano. Namba za kina cha mchanga nilizijua kuliko mistari ya kukariri ya kanisani: futi saba ukutani, futi sita katikati, futi nne na nusu penye mkuyu.

Sasa nifike kwenye sherehe.

Ofisi moja ya serikali, siitaji, ilisikia habari za kikundi. Wakaja watu wawili na gari, wakapiga picha, wakasema kikundi hiki ni mfano kwa taifa na lazima kisherehekewe. Wanawake walifurahi, kwa nini wasifurahi? Hakuna aliyewahi kuwasherehekea hata siku ya arusi. Hema zikaja kutoka Kitengela, na viti vya plastiki, na fulana za kijani zilizokuwa ndogo kwa kila mtu. Mama Nasieku aliivaa yake juu ya shanga zote, akawa kama gunia lililojazwa kupita kiasi. Wamaasai wakachinja mbuzi, sisi tukapika muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, kwenye masufuria matatu. Mwaitu alinishonea gauni jekundu. Wageni walihutubu mpaka muthokoi ukashika chini. Mwishoni Mwaitu akaitwa mbele, akakabidhiwa cheti ndani ya fremu ya kioo, chenye mhuri mkubwa wa zambarau. Alikishika kwa mikono miwili, na hakujua aangalie wapi.

Kati ya wageni alikuwepo mtu wa shati la manjano. Alitambulishwa kama rafiki wa ofisi, mtu wa kupenda miradi. Watu walipoanza kula, mimi nilikuwa nimekaa juu ya ukuta na nondo yangu, nikingoja mtu aniulize ni ya nini. Yeye ndiye aliyeuliza.

"Injinia," akaniita, "hiyo ni bunduki ama ni nini?"

Nikamweleza. Alisikiliza vizuri kuliko mtu mzima yeyote aliyewahi kunisikiliza. Akasema haamini, mtoto mdogo hawezi kujua kina cha mto. Nikamwambia naweza. "Nionyeshe, basi." Tukashuka korongoni, mimi na gauni langu jipya, yeye na viatu vyake vya kung'aa. Nikapima ukutani, akanisaidia kugonga. Nikapima katikati. Nikampeleka mpaka kwenye mkuyu. Alikuwa akitembea akihesabu hatua kwa sauti ya chini. Namba zote nilimtajia kwa kichwa kabla ya kuchomoa nondo, na kila nilipopatia alipiga makofi. Tuliporudi alinipa soda ya machungwa, chupa nzima, yangu peke yangu. Niliinywa nyuma ya hema haraka haraka nisije nikaombwa. Nilidhani hakuna aliyetuona.

Miezi miwili haikuisha. Ilikuwa Alhamisi. Nilikuwa natoka shule niliposikia injini, na nilipofika ukingoni niliona malori matatu. La kwanza lilikuwa limeteremka korongoni kwa kuvunja ukingo, na ili lipate njia lilikuwa limebomoa bega la ukuta upande wa kushoto. Vijana wenye sepetu walikuwa tayari wanajaza. Wanawake walikuja mbio, wengine na unga mikononi, na Mwaitu akafanya kitu ambacho sikukitegemea. Alikwenda akaketi juu ya mchanga nyuma ya lori la pili, akanyoosha miguu kama mtu anayeota jua. Wenzake wakaketi mmoja mmoja kando yake.

Dereva akatoa kichwa. "Mama, toka hapo. Mimi natafuta unga tu."

"Unga utausonga na nini?" Mwaitu akamwuliza. "Na mate?"

Vijana wa sepetu wakacheka, na mmoja akaacha kazi kabisa, akaketi kando. Dereva akapiga honi. Hakuna aliyetikisika. Ndipo Mama Nasieku alipotokea kwenye kona na ng'ombe wake wote. Aliwaswaga mpaka kati ya malori na ile njia ya kutokea, na ng'ombe wenyewe, wakishaona mchanga wa baridi, wakalala.

"Wewe mama, toa ng'ombe!" dereva akafoka.

"Zungumza na wao," Mama Nasieku akajibu. "Wako hapo."

Nilidhani tumeshinda. Tulicheka, jamani. Jua lilikuwa bado juu, ng'ombe wanatafuna, madereva wamejaa jasho, na mimi nikawa nawaza jinsi wimbo wa siku hiyo utakavyokuwa. Halafu gari dogo likafika, na akashuka mtu wa shati la manjano, safari hii akiwa na shati jeupe, pamoja na askari wawili na karatasi. Nikajificha nyuma ya ng'ombe.

Karatasi ilikuwa ya Kiingereza. Wanawake wakaitazama, wakaanza kuangalia huku na huku. "Mwende yuko wapi?" Mwaitu akaita. "Mwende, kuja utusomee."

Nilitoka nyuma ya ng'ombe. Maneno mengi ya karatasi ile sikuyajua. Nilijua neno la "ruhusa", nilijua la "mchanga". Na tarakimu nilizijua. Saba. Sita. Nne na nusu. Zilikuwa zimepangwa kwa ule mpangilio wangu, kutoka ukutani hadi penye mkuyu. Nikazisoma kwa sauti, kwa sababu niliambiwa nisome. Chini ya karatasi palikuwa na mhuri mkubwa wa zambarau. Cheti kilichoning'inia nyumbani kwetu na ruhusa ya kutumaliza vilipigwa mhuri mmoja.

"Mto si wa kikundi," yule mtu akasema kwa upole. "Mto ni wa kila mtu. Akina mama, mmefanya kazi nzuri sana, hata mimi nilikuja kwa sherehe yenu. Lakini sheria ni sheria." Hakuniangalia. Au aliniangalia, akaona mtoto tu.

Askari waliwainua wanawake kwa makwapa. Ng'ombe walipigwa kwa marungu mpaka wakainuka. Malori yalikuja siku hiyo na siku zilizofuata, mpaka korongo likabaki jiwe tupu, na mashimo ya maji tuliyokunywa yakawa vidimbwi vya kijani, halafu yakawa si kitu. Mvua ilipokuja, mto ulikuta bega la ukuta limevunjwa. Ukapita pale pale. Ukachimba ukingo, ukabeba bustani na miti, ukajifanyia njia mpya pembeni. Ukuta wetu unasimama hadi leo mahali pake, mzima katikati, na mto unaupita kando kama mtu asiyetaka salamu.

Mwaka uliofuata Mama Nasieku alihamisha ng'ombe, na wengi hawakurudi. Mwaitu alirudia mtungi mgongoni. Alikuwa ameacha kuubeba miaka minne, na mgongo ulikuwa umesahau. Haukukubali tena. Mgongo huo ndio uliomsumbua mpaka mwisho, na daktari alipouliza ulianza lini, mimi ndiye niliyemjibu, kwa sababu nilikuwa najua mwezi na siku.

Kuhusu ile karatasi, hakuna aliyeniuliza kitu. Hakuna aliyesema, "Namba hizi zilitoka wapi?" Nilingoja swali hilo wiki nzima, mwaka mzima, nikaolewa nikilingoja. Mwaitu hakunitazama vibaya hata siku moja. Nami nikaamini kwamba sijulikani, na kwamba siku nikijulikana hakuna mwanamke hata mmoja wa kikundi atakayenisalimia. Nilipokuwa mkubwa nilikataa kwenda nao kwenye mwethya. Nilisema niko na kazi. Mwaitu alidhani nimekuwa mtu wa mjini.

Wao hawakuacha. Hili ndilo ninalotaka mlisherehekee pamoja nami, kama mtasherehekea kitu. Baada ya miaka kadhaa walijenga ukuta wa pili, mahali pembamba kati ya majabali ambapo hata punda anapita kwa kubishana. Walijenga mdogo. Hawakumwalika mtu. Hakukuwa na hema wala fulana. Mchanga wake umejaa, na kuna watu na ng'ombe ambao leo wanakunywa kwa sababu yake.

Siku ya tatu baada ya mazishi wanawake wa kikundi walikuwa nyumbani kwetu wakichambua maharagwe. Sasa ni wachache, na wengi wao vichwa vyeupe. Mama Nasieku ndiye mwenyekiti. Akaniita nikae karibu naye.

"Entito ai," alisema, yaani binti yangu, "hawa watu wa ofisi wamenipigia simu. Wamesikia mama yako amelala. Wanataka kufanya sherehe ingine, kwa jina lake, huko kwa ukuta mpya. Watapiga tena leo. Wewe ndiye mwenye mama. Tuwaambie nini?"

Sijui ni nini kilinishika. Labda ni vile nilikuwa sijalala siku nyingi. Nikamwambia, "Msiniulize mimi. Mimi ndiye nilimpimia yule mtu mchanga. Namba zilikuwa zangu."

Mikono ikasimama juu ya maharagwe. Mama Nasieku akanitazama kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka zamani.

"Tulikuona," akasema.

"Mliniona wapi?"

"Wapi? Korongo ilikuwa nyeupe kama shuka ya kitanda, na wewe umevaa gauni nyekundu, umebeba chuma refu kukuliko. Nani hangekuona? Tulikuwa tunakula, tunasema, angalieni mtoto wa Mama Mwende vile anajua kazi."

"Mama yako alijivuna siku hiyo, wacha tu," mwingine akaongeza. "Nyama yake ilipoa akikuangalia."

Wakaanza kucheka, pale matangani, na mimi nikalia. Niliwauliza kwa nini hawakuniambia. Miaka yote hiyo. Wakatazamana. Nilitegemea waseme waliapa kunilinda, au kwamba Mwaitu aliwakataza. Mama Nasieku alichukua punje moja mbovu, akaitupa. "Tulidhani umesahau," akasema. "Sisi tulikuwa na hasira na mwenye lori na mwenye mhuri. Nani alikuwa na wakati wa kukasirikia mtoto?"

Simu ililia kabla sijamaliza kulia. Aliiweka kwa sauti ya juu, kwa sababu hasikii vizuri. Alikuwa msichana wa ofisini, mwenye adabu, ambaye siku ya malori yale pengine alikuwa hajazaliwa. Akatoa pole. Akasema kazi ya marehemu ni urithi, na kwamba wangependa kuja na wageni, na wangepanda mti. Kisha akasema, "Na Mama, kwa ajili ya ripoti tu, huo mchanga hapo nyuma ya ukuta umefika kina gani?"

Mama Nasieku hakunitazama. "Mchanga?" akasema. "Hapana, mami. Huku ni mawe tu."

"Hata kidogo?"

"Kidogo ya kuoshea sufuria."

Msichana akasikika akiandika. Akashukuru, akasema basi wataangalia kikundi kingine, simu ikakatika. Wanawake wakarudi kwenye maharagwe.

Nilikaa pale nikiwatazama. Nilipokuwa mtoto nilielewa kwamba nilifanya kosa kwa kusema ukweli kuhusu kazi ya mama yangu. Ilinichukua mpaka siku ile kuelewa kwamba halikuwa kosa. Yule msichana wa gauni jekundu alijivunia kazi nzuri mbele ya mtu mzima aliyeuliza kwa heshima, na mtoto yeyote aliyelelewa vizuri angefanya hivyo. Hasira niliyomlundikia miaka yote nimemwondolea. Sikuitupa, lakini. Nimeipeleka ilikotakiwa kwenda tangu mwanzo, nayo haijapungua hata kidogo, kwa sababu bado kuna wanawake wazee, wacha Mungu, wasiosema uongo hata kwa watoto wao, ambao wakiulizwa juu ya kitu bora kuliko vyote walivyofanya duniani lazima wadanganye kama wezi.

Mama yangu aliitwa Mwaitu na mimi, na Mama Mwende na wengine. Alijenga kuta mbili. Ya pili ina maji. Mahali ilipo sitawaambia.